Mikono Iliyopishana

Mlio wa rungu juu ya mfupa haufanani na mlio mwingine wowote. Inspekta Kahindi alikuwa ameusikia kwa miaka kumi na tisa ya kazi ya polisi, na bado hakuuzoea. Aliweka kalamu chini, akaipita kaunta, akaufungua mlango wa seli ya pili bila kubisha.

Kiponda alikuwa sakafuni, amejikunja, damu ikimchuruzika puani na kuchanganyika na maji aliyomwagiwa. Sajenti Kitsao alisimama juu yake, mikono ya shati ameikunja kama mtu anayechinja mbuzi wa harusi.

"Afande, umekuja mapema," Kitsao alisema huku akihema. "Bado kidogo tu alainike."

"Amesema nini?"

"Yale yale. Eti alimkuta Mahadhi keshakufa."

Kiponda alitema kipande cha jino, akamtazama Kahindi kwa jicho moja. Lile jingine lilikuwa limeziba. Alikuwa Mgiriama wa Mnarani, na Kahindi alikuwa Mgiriama wa Ganze, kwa hiyo alimwita kama wanavyoitana ndugu wa nyumba moja.

"Mwenehu," alisema. "Nilimuinua tu. Nilidhani yu hai."

Kahindi alimshika Kitsao mkono, akamtoa nje. Hasira ilimpanda mpaka kooni, akaimeza. Alikuwa na mazoea hayo mabaya ya kumeza hasira, na siku ile yangemgharimu mtu mwingine.

"Mkubwa wa kituo amesema gari la Mombasa linaondoka saa saba kamili," Kitsao alieleza. "Anataka mshukiwa awe ndani yake na maungamo yawe kwenye faili. Wewe ni inspekta, ni wewe wa kuyaandika. Ukikataa, atayaandika yeye."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na robo asubuhi. Kiponda akishatia saini, hakimu hatauliza jino lake lilikwenda wapi. Hukumu ya mauaji ilikuwa moja tu, kitanzi.

"Usimguse tena mpaka nirudi. Hiyo ni amri, Sajenti."

"Ndiyo, afande!"

Kitsao alipiga saluti. Ilikuwa saluti nzuri sana, kisigino kikalia, na Kahindi akairidhia.

Alirudi mezani pake. Ndani ya mfuko wa karatasi ndimo kilimokuwa kile kitu kilichowatoa watu wa Malindi akili tangu mwezi wa Mei, mashine mpya ya michezo kutoka Japani, ya kushikwa mkononi, ya rangi ya kijivu, ukubwa wake kama sabuni ya mche iliyokatwa nusu. Ilikuwa Julai 1989, na hapakuwa na nyingine pwani yote. Kiponda, mpishi wa meli, ndiye aliyeinunua Yokohama wiki chache tu baada ya kutoka, akaileta nyumbani ndani ya soksi.

Lakini watu hawakuwa wakiingojea mashine tu. Waliingojea kaseti ya Mahadhi.

Mahadhi alikuwa fundi wa redio na televisheni, mtu wa miaka thelathini na minne, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Zamani palikuwa na ukumbi wa gemu karibu na soko, na ndani yake mashine moja kubwa iliyokuwa na michezo mitatu. Miaka mitatu nyuma ukumbi ulifungwa na mashine ikaungua. Mahadhi aliinunua maiti ile ya mashine, akazichomoa chipu zake, akakaa nazo miezi kumi na minne akiihamisha ile michezo ya zamani mpaka ikaingia kwenye kaseti ndogo, ambayo miezi ya mwisho aliirekebisha ichomekwe kwenye mashine mpya ya mkononi. Aliahidi kwamba siku ya Idi ya kuchinja ataiweka uwanjani, mtu yeyote acheze. Idi ilikuwa Alhamisi ya wiki ijayo.

Jana, Jumatano, saa nane na nusu mchana, Mahadhi alikutwa amekufa chini ya meza yake ya kazi. Kiganja chake cha kulia kilikuwa na alama tano za kuunguzwa kwa chuma cha solda, moja kando ya nyingine. Mtu alimuuliza jambo, akamuuliza tena, akamuuliza mara tano. Kisha alipigwa nyundo ya kichwa, na aliyempiga hakutosheka na pigo moja. Kiponda alikutwa amepiga magoti penye damu, amempakata. Mashine ilikuwa juu ya meza, imelowa damu. Kaseti haikuwepo.

Kwa Kitsao, kesi iliishia hapo. Mashine ya Kiponda, damu kwenye shati la Kiponda, basi ni Kiponda.

Kahindi alivaa glavu, akaitoa mashine, akaipeleka dirishani. Alama za vidole zingekwenda Nairobi na kurudi baada ya wiki tatu, wakati ambapo Kiponda angekuwa ameshahukumiwa moyoni mwa kila mtu. Kwa hiyo alitazama kwa macho yake mwenyewe. Chini ya kioo, upande wa kulia, palikuwa na vitufe viwili vya mviringo. Upande wa kushoto palikuwa na kitufe kimoja chenye umbo la alama ya kujumlisha, cha kumpeleka mtu wa kwenye mchezo juu, chini, huku na kule.

Damu ilikuwa imeganda kwenye vitufe vyote, matabaka juu ya matabaka. Huyu hakuishika mashine mara moja tu. Aliibonyeza, akaibonyeza, akaibonyeza. Muuaji alikuwa amecheza.

Hilo lilieleza kwa nini mashine iliachwa. Alichotaka ni kaseti, maana mashine nyingine zingekuja, kaseti ilikuwa moja tu. Alipoipata, aliichomeka ahakikishe ndiyo yenyewe, akaijaribu, akaichomoa, akaenda nayo.

Kisha akaona jambo la pili, nalo lilimkwamisha. Dole gumba lililobonyeza alama ya kujumlisha, kule kushoto, liliacha chapa safi pembeni mwa kitufe. Ncha ya dole ilielekea kwenye ukingo wa nje wa mashine, na shina lake lilitokea upande wa katikati. Kahindi aliokota kiberiti, akakishika kwa mikono miwili, akaweka dole lake la kushoto upande wa kushoto. Ncha ilielekea ndani. Alijaribu kulipinda mpaka likamuuma. Halikukubali.

"Sasa huyu alikuwa na mikono ya aina gani?" alijiuliza kwa sauti. Aliirudisha mashine kwenye mfuko wa karatasi, akaufunga kwa lakiri, akatoka.

Nyumba ya Mahadhi ilikuwa imejaa wanawake wa matanga. Dada yake, Harusi, alitoka mpaka ukumbini, kajitanda leso, macho yamevimba. Ndiye aliyemlea Mahadhi tangu mama yao alipofariki.

"Shikamoo, Inspekta."

"Marahaba, dadangu. Mola awape subira. Nina maneno mawili matatu tu, nisikuweke."

"Uliza, babangu. Lakini kwanza n'ambie mimi, yule kijana wa watu mnampigani? Ndugu yangu hakuuawa na Kiponda. Kiponda akija hapa hula chungu kimoja na Mahadhi."

"Ndiyo nimekuja nijue. Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Mambrui tangu alfajiri, kwa shangazi yangu, arusi ya bintiye. Wanawake mia wameniona nikipakua pilau. Laiti ningebaki." Alijifuta uso kwa leso.

Alimfungulia mlango wa karakana. Damu ilikuwa imesafishwa, lakini harufu yake haikuondoka na maji. Nyuma, ukutani, lilisimama kabati la mashine kubwa ya ukumbini, tumbo wazi, nyaya nje. Kahindi aliinama penye ubao wa kuchezea. Gia, kile kijiti cha kuongozea mchezo, ilikuwa upande wa kulia. Upande wa kushoto palikuwa na tundu lililozibwa kwa kipande cha mbao na kupakwa rangi.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Hapo ndipo gia ilipokuwa ilipotoka ng'ambo. Kushoto. Wazee wakalalamika." Kwa mara ya kwanza uso wa Harusi ulilegea. "Watoto wa chuo cha Kurani wanafunzwa kula kwa kulia, kutoa kwa kulia, kuandika kwa kulia, kisha waje hapa washinde wakifanya kazi kubwa yote kwa mkono wa shoto? Wachezaji wenyewe nao haukuwatii, mkono wa shoto. Basi mwenye ukumbi akamwita Mahadhi, akaihamisha. Malindi nzima tumejifunza gia kwa kulia. Mombasa walikuwa wakitucheka."

"Tumejifunza? Na wewe?"

"Inspekta, mimi nilikuwa hatari," Harusi alisema. "Siku za wanawake, Jumatatu, hapana aliyenipata."

Alifungua mtoto wa meza, akatoa kitu kilichofungwa kitambaani. Kilikuwa mfano wa mashine ya mkononi, wa mbao laini, umepigwa msasa vizuri, vitufe vyake vimechongwa mahali pake hasa, alama ya kujumlisha kushoto na viduara viwili kulia.

"Alikichonga kutoka kwenye picha ya gazeti. Watu walikuwa hawatulii, kila siku wanauliza itakuja lini, inashikwaje. Akawachongea hiki wazoee. Walikuwa wakija kupanga zamu, watu wazima, kushika kibao."

"Nionyeshe."

Harusi alikishika. Bila kufikiri, mikono yake ilipishana juu ya kioo cha mbao. Mkono wa kulia ulivuka ukaenda kushoto, dole gumba likatua juu ya alama ya kujumlisha. Wa kushoto ulipita chini yake ukaenda kulia. Ncha ya dole lake ilielekea ukingo wa nje.

Kahindi alisogea, akaitazama mikono ile kwa karibu hata Harusi akashtuka.

"Nimekosea nini?"

"Hukukosea kitu. Kwa nini unashika hivyo?"

"Sisi sote tunashika hivyo. Mkono wa kulia ndio unaojua gia, na gia wameiweka kushoto. Tufanyeje? Mahadhi alitucheka mpaka akaanguka."

"Na Kiponda?"

"Kiponda wapi! Ukumbi umefunguliwa yeye yuko baharini."

Kahindi alihisi kesi ikianza kusogea. Aliuliza swali lililobaki taratibu, kana kwamba halikuwa na uzito. Nani alijua mashine imefika? Harusi alijibu kwamba Mahadhi aliificha habari, maana watu wangeivunja nyumba. Alijua yeye Harusi, alijua Kiponda mwenyewe, na alijua Bwana Mbaruk mwenye duka la redio, kwa kuwa Jumanne Mahadhi alikwenda kwake kununua betri nne ndogo, akashindwa kuuzuia ulimi.

"Bwana Mbaruk naye alikuwa mchezaji?"

"Mbaruk?" Harusi alishangaa. "Mtu mzito yule, hata kucheka hucheka kwa miadi. Mguu wake haukuingia ukumbini, ingawa duka lake lilikuwa limepakana nao ukuta kwa ukuta. Alikuwa akisema ni mchezo wa wahuni."

Kahindi aliomba kile kibao. Harusi alikibusu kwanza, ndipo akampa.

Saa tano alikuwa tena kwenye seli ya pili. Kiponda alikuwa ameketi, amepewa maji. Kitsao alisimama mlangoni, mikono nyuma, mtiifu kama konstebo wa wiki ya kwanza. Kahindi alimpa Kiponda kibao bila maelezo.

Vidole vya Kiponda vilivimba, lakini vilijua njia. Dole la kushoto lilitua kushoto, la kulia kulia. Hakuna kilichopishana na kitu.

"Uko sawa," Kahindi alisema.

"Aliniahidi nitacheza wa kwanza," Kiponda alisema kwa taabu. "Tuliagana saa nane tuijaribu. Hatukuwahi kuijaribu, afande. Miezi kumi na minne, na hakujua kama kazi yake itawaka." Alimeza mate ya damu. "Mliikuta? Iliwaka?"

"Sijui," Kahindi alijibu. "Bado."

Alitoka na Kitsao mpaka kwenye baraza, na hapo akafanya kosa ambalo hakujisamehe. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeona mlango, na furaha ile ikamlegeza ulimi.

"Si yeye, Sajenti. Ukweli wa kesi hii uko kwenye madole gumba yake."

Kitsao aliwaza. "Kwenye madole, afande?"

"Kwenye madole. Nakwenda kwa Mbaruk. Asiguswe."

"Ndiyo, afande!" Na saluti ile ile.

Duka la Mbaruk lilikuwa na bango jipya dirishani, herufi nyekundu kubwa: YAJA! MASHINE YA MKONONI KUTOKA JAPANI! ANDIKISHA JINA LAKO. Chini yake ilibandikwa orodha, na majina yalikuwa yamejaa karatasi tatu. Walikuwamo walimu, wavuvi, mpiga picha, wafanyakazi wa hoteli, na hata imamu mmoja aliyejiandika kwa jina la mwanawe.

Ilikuwa saa sita na nusu. Mji ulikuwa ukifunga kwa mapumziko ya mchana, mbao za maduka zikigonga moja baada ya nyingine. Mbaruk, mtu wa miaka hamsini, mrefu, kanzu nyeupe juu ya kikoi, kofia ya kushonwa kwa mkono isiyo na doa, alikuwa ameshika komeo.

"Asalaam aleikum, Bwana Mbaruk. Utaniwia radhi, najua ni saa ya kupumzika."

"Aleikum salaam, Inspekta. Karibu ndani, jua kali. Habari za msiba zimetuvunja. Kijana mwema yule, na fundi wa kweli. Inna lillahi."

Aliacha mlango nusu wazi. Ndani mlikuwa na giza jepesi. Kahindi alitazama rafu za redio zilizoegemea ukuta wa kaskazini, ule uliopakana na ukumbi wa zamani. Nyuma ya rafu, rangi ya ukuta ilibadilika, ikachora umbo refu lenye ukubwa wa mlango.

"Hapo palikuwa na mlango?"

"Zamani, zamani. Nyumba ilikuwa moja. Nimeuziba."

"Lini?"

"Sikumbuki. Ukumbi ulipofungwa, pengine."

"Jana saa saba mpaka saa nane ulikuwa wapi?"

"Nimelala hapa juu, kama Malindi nzima. Kwani mchana ule huwa yuko macho nani?"

"Aliyemuua Mahadhi," Kahindi alisema. "Jumanne alikuja kwako kununua betri. Alikwambia mashine imefika?"

Mbaruk alivuta ndevu. "Alinambia, sitasema uongo. Nikamwambia na iwe heri. Mimi nauza tu, Inspekta. Vitu hivyo sijui hata vinashikwaje."

"Hata mimi," Kahindi alisema, akicheka kidogo. Alikitoa kibao mfukoni. "Tazama kitu alichokichonga marehemu. Nimekigeuza huku na huku kama mshamba. Wewe utakuja kuviuza, nisaidie. Mtu anashikaje hapa?"

Alimrushia. Hakumpa mkononi, alimrushia, ili mtu asipate nafasi ya kuwaza.

Mbaruk alikidaka. Kwa nukta moja alikuwa mtu mwingine. Mabega yalishuka, kichwa kikainama, na mikono ile mizito ikapishana kwa wepesi ambao mtu haupati kwa siku moja wala kwa mwaka mmoja. Dole la kulia lilitua juu ya alama ya kujumlisha, ncha yake ikielekea ukingoni.

Akabaki hivyo. Polepole akayatazama madole yake mwenyewe.

"Ukumbi ulikuwa ukifungwa saa za mchana," Kahindi alisema. "Na wewe ulikuwa na mlango wako. Ulicheza peke yako miaka yote ile, ukitoka unawaita wenzako wahuni."

Kibao kilimpiga Kahindi usoni kabla hajaliona jambo likija. Kilipasuka juu ya nyusi, damu ikamwingia jichoni. Mbaruk alikuwa ameshachukua kisu cha kufungulia makasha, akaja nacho chini, akitafuta tumbo. Kahindi aliruka upande. Kisu kilimchana mbavu, akahisi baridi kwanza, moto baadaye. Alimshika Mbaruk mkono kwa mikono yake yote miwili, wakaangukia rafu, na redio zikawaporomokea kichwani na mabegani.

Mbaruk alikuwa na nguvu za kutisha. Alimuuma Kahindi sikio. Kahindi akampiga kichwa cha pua, pua ikavunjika. Akampiga tena. Mkono wa kisu haukulegea mpaka alipoupinda nyuma, akaubamiza kwenye ukingo wa kaunta mara moja, mara mbili, na mara ya tatu mfupa ukalia. Mbaruk alipiga ukelele. Kisu kilianguka. Walipobingirika, kikoi chake kilifunguka kiunoni, na kutoka kwenye kibindo kikadondoka kitu kidogo cha kijivu, kikateleza sakafuni mpaka mlangoni, kwenye mwanga.

Ilikuwa kaseti, na pembe zake zilikuwa na damu iliyokauka.

"Ulitembea nayo," Kahindi alisema, akimfunga pingu huku anatweta. "Hukuweza hata kuificha."

Mbaruk alikuwa akilia. Damu na makamasi vilimchafua zile ndevu nzuri. "Nilimwomba aniuzie. Nilimwomba kwa wema. Akanambia ningoje Idi pamoja na watu. Mimi! Miaka mitatu sijalala vizuri tangu ile mashine iungue, halafu nipange foleni uwanjani, na mabaharia, na watoto wa shule, watu wote wanione? Nilitaka iwe yangu tu."

"Ukamuunguza mkono wake wa kazi."

"Hakutaka kusema alipoiweka."

"Na alipokwisha sema?"

Mbaruk alifumba macho. "Niliichomeka. Ikawaka. Wimbo ule ule, Inspekta, ule ule wa zamani. Nikacheza kidogo. Mchezo mmoja tu." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Alikuwa bado akikoroma pale chini, nami nacheza."

Kahindi alimwinua kwa ukosi wa kanzu. Alitamani kumpiga tena. Alitamani sana, na hakuona haya kwa kutamani, akajizuia kwa sababu tu saa ya dukani ilionyesha saa saba kasoro dakika kumi na mbili.

Alimswaga mbele yake barabarani, juani, damu ikiwatoka wote wawili, na madirisha ya mji uliolala yakafunguka moja baada ya jingine. Walimwona Mbaruk kichwa wazi, kwa mara ya kwanza katika maisha yao.

Gari la Mombasa lilikuwa limeshawashwa uani. Kahindi alimsukuma Mbaruk kwa konstebo wa kaunta, akapiga mbio kwenye seli ya pili.

Kitsao alikutana naye mlangoni, uso unang'aa kwa jasho na fahari. Mkononi alikuwa na karatasi.

"Ameungama, afande! Mkubwa ameshaandika, imebaki saini yako kama shahidi."

"Nimemleta muuaji," Kahindi alisema. "Yuko kaunta na kaseti ninayo. Umefanya nini?"

Fahari ilimtoka Kitsao taratibu. "Si wewe uliniambia? Ukasema ukweli uko kwenye madole yake." Alitazama chini, penye mguu wa meza ya chuma. "Nikaanza na madole."

Kiponda alikuwa ameegemea ukuta, mikono ameiweka mapajani, viganja juu. Madole yake gumba yote mawili yalikuwa meusi, yamepondeka, moja limegeukia mahali ambapo dole haligeuki. Hata saini hakuweza kutia. Karatasi ile waliipaka damu yake tu.

Kahindi aliichukua, akaichana vipande vinne. Kisha akamvua Kitsao mkanda na rungu, akamwingiza seli ya kwanza kwa mikono yake mwenyewe, akafunga. Mkubwa alipiga kelele kutoka ofisini kwake. Kahindi hakugeuka.

Alipiga magoti sakafuni mbele ya Kiponda. Alitaka kuomba msamaha, akaona aibu, kwa kuwa mdomo ulioyavunja madole yale ulikuwa wake yeye.

Kiponda alifungua jicho lake moja.

"Mwenehu," alisema kwa taabu. "Umejua? Iliwaka?"

Kahindi alimfunika mikono kwa kitambaa chake, polepole, asimtoneshe.

"Iliwaka," alisema.